Vitambaa vya Rangi ya Chai

Siku ile Wacuka alipoviondoa vitambaa vya Mama Phelis kwenye viti, hakuna aliyemkataza, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye. Laiti mama yule angelalamika kidogo, au angeguna tu kama watu wazima wanavyoguna wakikerwa, msichana angejua amekanyaga wapi. Lakini Mama Phelis alisimama mlangoni, akamtazama akivua kiti kimoja baada ya kingine, kisha akaingia akamsaidia kuvikunja.

"Havifai hapa, Mama," Wacuka alisema kwa upole. "Nyeupe imepitwa na wakati. Sasa watu wanarudi kwenye rangi za udongo, za majani makavu, za chai. Kitu cheupe kikikaa hapa katikati kinapiga kelele."

"Kinapiga kelele," Mama Phelis alirudia, kana kwamba anaonja maneno hayo. "Sawa, mwanangu. Wewe ndiye unajua mambo ya nyumba za siku hizi."

Akavitia kwenye gunia safi, akalibeba kifuani kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akavuka uwanja hadi jiko lake la moshi. Tangu siku hiyo hakuingia tena katika nyumba mpya.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Osoro, mwanawe wa pekee, mwalimu wa hesabu katika shule moja karibu na Roret. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa Kisii wakiwa vijana, wakachuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho mpaka wakapata kipande chao wenyewe. Baba alishafariki. Mama, Phelis mwenyewe, alibaki na nyumba yake ndogo ya mabati upande wa nyuma, jiko lake la moshi katikati ya uwanja, na chai iliyopandwa mpaka ukingoni mwa ua. Osoro alipomaliza kujenga nyumba yake mbele ya boma, alimpa Wacuka, mchumba wake, ufunguo akamwambia, "Ipange unavyotaka." Kwa msichana ambaye kazi yake mjini Kericho ni kupanga nyumba za watu wengine, kuwachagulia rangi na mapazia na viti, hakuna zawadi ambayo ingeipita hiyo.

Naye aliipanga kwa moyo wote. Kuta za sebule alizipaka udongo mwororo uliochanganywa na chokaa, zikawa na rangi ya mkate uliotoka kuokwa. Viti havikuwa na kona. Vilijikunja kama paka aliyelala. Taa ilining'inia ndani ya kapu la matete, na chini kulikuwa na mkeka wa mkonge. Wateja wake mjini walikuwa wakimwambia wamechoka na nyumba zinazong'aa kama hospitali, kijivu na nyeupe kila mahali, nao walitaka nyumba inayomkumbatia mtu. Wacuka alikuwa ameona mapema kwamba huko ndiko mambo yanakoelekea. Sasa alikuwa ameijenga nyumba ya namna hiyo kwa ajili yake mwenyewe na mwanamume aliyempenda.

Jumamosi, watu wa kwao kutoka Kedowa wangekuja kuiona. Wagikuyu wana desturi hiyo: kabla ndoa haijasonga mbele, jamaa za msichana huenda kutazama mahali binti yao atakapoishi. Huiita kuona itara, yaani kuona lile dari la fito lililo juu ya moto, ambapo kuni hukaushwa. Siku hizi wengi hutazama sebule, wakala, wakaaga. Lakini ujumbe ule ungeongozwa na shangazi yake Wacuka, Tata Jennifer, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na Tata Jennifer hakuitaka ndoa hiyo.

"Unaenda mbali na mimi, kwa watu ambao hata lugha yao sijui kuomba maji," alikuwa amemwambia. "Nitaenda nione. Nikikuta nyumba ile haina nafasi yako, sitagusa kikombe chao cha chai. Na maana ya hilo unaijua."

Wacuka aliijua. Tata akikataa chai, baba yake angekataa pia, maana Mzee Nganga hakuwahi kumpinga dada yake katika jambo lolote. Mazungumzo yangekufa hapo hapo.

*

Alhamisi mchana, Osoro aliingia na chaki bado kwenye mkono wa koti. Kwa kawaida akimkuta Wacuka pale humtazama kwanza kabla ya kusema neno, kama mtu anayehakikisha kuwa taa haijazimika. Siku hiyo hakumtazama.

"Wacu, nimekutana na fundi Kipkemboi njiani. Ananiambia kesho anakuja na vijana wake na nyundo. Wanakuja kufanya nini?"

"Kuondoa lile jiko."

"Jiko gani?"

"Mwalimu, si tuliongea? Lile la moshi. Ukisimama hapa dirishani ndicho kitu cha kwanza unachoona. Bati jeusi, ukuta umeinama." Alimvuta mkono mpaka kwenye kioo kikubwa. "Sasa funga macho. Pale pale, mawe ya mviringo, viti vya chini vya mbao, na katikati moto wa kuota. Watu wanaanza kutaka hivyo, kukaa nje na moto. Tata akifika Jumamosi, hata kama fundi hajamaliza, ataona angalau uwanja safi."

Osoro alifunga macho kama alivyoambiwa. Akayafungua.

"Yaani unabomoa meko ya mama yangu ili ujenge meko ya wageni."

"Aki usiiseme hivyo."

"Niiseme vipi?"

"Nitamjengea jiko jipya huko nyuma, lenye bomba la moshi. Hujaona macho yake yanavyotoka machozi? Mimi ninamfikiria, Osoro. Wewe umezoea tu."

Hapo alisema kweli, na Osoro alijua. Alikaa kwenye kile kiti kisicho na kona, akainuka tena, kwa sababu hakikuwa kiti cha mtu kukalia akiwa amekasirika.

"Umemwuliza?"

"Nimuulize saa ngapi? Haji huku tena. Tangu nitoe vile vitambaa, yeye ni jikoni asubuhi mpaka jioni. Moshi haukatiki, mlango ameurudisha. Nikimsalimia ananijibu vizuri, lakini hanikaribishi. Amenuna."

"Mama hanuni."

"Kwani hiyo ni nini?"

"Mama akiumia hunyamaza. Kununa ni kitu kingine." Akakiinua kikapu kilichokuwa sakafuni, cha kuwekea magazeti. "Hiki ulinunua wapi?"

"Kericho. Kwa mama mmoja sokoni."

"Ulikipendea nini?"

"Kimesukwa na mkono. Watu sasa wanataka vitu vya mkono, vitu vyenye..."

"Na vitambaa vya mama vilifumwa na nini? Mguu?"

Siku nyingine wangecheka wote wawili. Wacuka aliona midomo yake Osoro ikitaka kucheka na kukataa.

"Wacu, yeye alichuma chai mchana kutwa, jioni akashika sindano. Kile chenye waridi katikati alikifuma akiwa na mimba yangu. Nyumba hii ilipoisha, mtu wa kwanza kuingia alikuwa yeye, akavisha kila kiti. Hakuwa na kitu kingine cha kuniletea."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani utaona."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote. Kazi yake ilikuwa kuona. Alikuwa mtu wa kuingia nyumba ya mgeni na kujua papo hapo ni dirisha gani linalopendwa.

"Basi nipange nyumba na nani?" Wacuka aliuliza. "Mimi nahangaika hapa ili Tata asikupige teke Jumamosi, wewe unaniletea vikapu! Ulisema ni yangu. Ulisema nipange ninavyotaka."

"Nilikuachia nyumba," Osoro alisema polepole. "Sikukuachia mama."

Mvua ya mchana ilianza kugonga mabati, ile mvua ya Kericho isiyobisha hodi. Wacuka akachukua mkoba wake.

"Labda tuwaambie wasije," alisema. "Labda Tata ana haki. Labda hapa hapana nafasi yangu."

Osoro alichukua mwavuli nyuma ya mlango, akatoka naye. Walitembea kati ya chai mpaka barabarani, viatu vikizama kwenye tope jekundu. Walipofika, Wacuka alikuwa mkavu. Aligeuka kuaga, na ndipo alipoona bega la kushoto la Osoro limelowa kabisa, na maji yanachuruzika kwenye mkono mpaka kidoleni. Mwavuli wote ulikuwa juu ya Wacuka.

Alitaka kusema kitu. Kiburi kikamzuia, akapanda matatu.

*

Ijumaa ilinyesha kutwa. Wacuka alikaa katika kiduka chake mjini, mbele yake vipande vya rangi alivyokuwa amemwahidi mteja, na kila rangi aliyoishika ilimkumbusha ukuta wa nyumba ile. Alichukua simu kumpigia Osoro, akairudisha. Akaichukua tena, akampigia fundi.

"Kipkemboi, usiende kule Roret."

"Mvua, madam? Hatuogopi mvua sisi."

"Si mvua. Acha tu. Lile jiko lisiguswe."

"Na Jumatatu?"

"Hata Jumatatu."

"Haya, madam. Hata mimi nilikuwa nashangaa. Yule mama alitupikia uji kila siku tukijenga nyumba ile. Vijana wangu walikuwa wanaulizana nani atapiga nyundo ya kwanza."

Wacuka aliikata simu akaweka kichwa mezani. Hakumwambia mtu yeyote.

*

Jumamosi kulikuwa kweupe, chai imeoshwa mpaka inang'aa vilimani. Walikuja wanne: Mzee Nganga na kofia yake mkononi, Tata Jennifer mbele kama dereva, jirani yao Wachira aliyejua kusema maneno ya heshima, na Wacuka nyuma, macho chini. Osoro aliwapokea langoni. Alipomfikia Wacuka alimpa mkono kama alivyowapa wengine, lakini aliushika kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Wacuka akainua macho. Osoro alikuwa hajalala vizuri, na hata Wacuka hakuwa amelala vizuri, na kila mmoja aliyaona hayo kwa mwenzake.

"Mama yuko wapi?" Wacuka aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jikoni. Anasema anakuja. Tangu asubuhi anasema anakuja."

Tata Jennifer alizunguka nyumba nzima taratibu. Alipitisha kiganja ukutani.

"Huu ni udongo?"

"Ndiyo, Tata. Na chokaa."

"Ngai! Mimi nilihangaika maisha yangu yote kutoka kwenye nyumba ya udongo. Sasa mnaununua?"

Wachira akakohoa ili asicheke. Tata akatazama juu. "Na taa mmeifunikia kapu la kuku."

"Inatuliza mwanga, Tata. Jioni nyumba yote inakuwa kama asali."

"Na hiki kiti, kimelewa? Mbona hakisimami wima?"

Hata hivyo alikaa. Kiti kikampokea, mgongo wake ukazama, na uso wake ukasahau ukali kwa muda mfupi. Alikaa hivyo akitazama kuta, mkeka, dirisha kubwa. Wacuka alisimama akisubiri kama mtoto anayesubiri daftari lirudishwe.

"Ni nyumba nzuri," Tata alisema mwishowe. "Hilo siwezi kukataa. Nani aliipanga?"

"Ni yeye," Osoro alisema, na katika sauti yake mlikuwa na majivuno ambayo ugomvi haukuweza kuyaficha. "Kila kitu. Mimi nilibeba tu."

"Naona. Nimekuja hapa nikitafuta kama kuna nafasi ya binti yangu. Nimeikuta kila mahali, mpaka chooni." Akamgeukia Wacuka. "Sasa niambie. Mama aliyemzaa huyu kijana akija kumtembelea mwanawe, anakaa wapi?"

Wacuka akafungua mdomo. Akatazama kiti kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vizuri, vyote vya rangi moja, na hakuna hata kimoja ambacho angeweza kusema, hiki.

"Nauliza tu," Tata aliendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Kwa sababu mimi pia ni mtu mzima. Siku moja nitakuja kukuona. Nikiingia nyumba ambayo haina kitu cha mama hata kimoja, nitajua na mimi sina pa kukaa."

Osoro alikuwa amebeba sinia ya vikombe. Tata akainua mkono. "Weka kwanza, kijana wangu. Bado sijaona itara. Mnayo?"

Mzee Nganga aliigeuza kofia mkononi. Wachira akatazama mkeka. Wacuka alielewa kwamba kikombe kilikuwa kimekataliwa. Wala si Osoro aliyesababisha, wala si kabila la mtu. Ni yeye mwenyewe.

"Ipo, Tata," alisema. "Twende nikuonyeshe. Ilikuwa karibu isiwepo."

*

Alibisha hodi katika lile jiko kwa mara ya kwanza. Siku zote alikuwa amesalimia kutoka nje.

"Karibu, karibu, mwanangu, nakuja, naku..." Mama Phelis aligeuka akawaona wote mlangoni, akashika mdomo kwa mkono. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viungo. "Wageni wangu! Mmenikuta hivi!"

Ndani kulikuwa na moto mdogo kati ya mafiga, na juu yake dari la fito, limesheheni kuni zilizopangwa kwa saizi, zimeiva kwa moshi. Tata Jennifer aliinua macho akaliona, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekutana na jamaa yake katika mji wa ugenini. Lakini Wacuka hakuwa akitazama dari. Alikuwa akitazama kamba.

Kamba ilivuka jiko kutoka nguzo hadi nguzo, na juu yake vilianikwa vitambaa. Aliyajua yale maua, ile mikia ya uzi pembeni, lile waridi la katikati. Ila havikuwa vyeupe tena. Vingine vilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, vingine ya chai ya rangi, na vile vya mwisho karibu na mlango vilikuwa vya kahawia iliyoiva, kama udongo wa njiani baada ya mvua. Ilikuwa rangi ya ukuta wake. Ilikuwa rangi ya mkeka wake.

"Mama," Wacuka alinong'ona. "Umefanya nini?"

"Nilitaka kuvileta kabla hawajafika," Mama Phelis alisema kwa haraka, kama mtu anayejitetea. "Lakini jana mvua haikuniacha nianike nje. Nikasema basi nitakausha kwa moto. Bado vina unyevu. Utaniwia radhi, mwanangu."

"Nikuwie radhi?"

"Ulisema nyeupe inapiga kelele. Nikasema, basi nitavivua weupe. Nikachemsha majani ya chai kwenye sufuria kubwa, siku ya kwanza vikatoka rangi ya maji machafu, hata mimi nikacheka. Nikarudia. Hii ya giza nilitia misumari yenye kutu. Nilirudisha mlango kwa sababu sikutaka uone kabla haijashika." Alivitazama vidole vyake akavificha kwenye leso. "Si ufundi. Wageni wamenimwagia chai kwenye vitambaa hivi tangu nikiwa msichana, na nimesugua mpaka nimechoka. Najua ikishika haitoki."

Kuni ilipasuka motoni. Wacuka alikumbuka moshi usiokatika, mlango uliorudishwa, na lile neno alilolitupa kwa Osoro, *amenuna*. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu iliyosiribwa, na gauni lake la wageni, akaishika mikono ile yenye madoa.

"Mama, mimi nilikuwa nataka kubomoa jiko hili. Nilimwita fundi."

"Najua. Kipkemboi aliniambia."

"Ulijua? Na bado ukaendelea?"

"Si alikuwa aje Ijumaa? Nilikuwa najaribu kumaliza kabla hajafika." Akampangusa machozi kwa upande wa mkono, pale ambapo hapakuwa na rangi. "Usilie. Mimi pia nilipoletwa kwa mama mkwe wangu nilipanga vyungu vyake upya siku ya pili. Msichana akiipenda nyumba, mikono haitulii. Nilipokuona ukivua vile viti, nikasema, huyu amekuja kukaa."

Tata Jennifer alivuta kigoda kilichokuwa karibu na moto, akaketi bila kuambiwa. Alikishika kitambaa cha waridi kwa ncha za vidole.

"Mama Osoro," alisema, "hii sindano umeishika wapi?"

"Kambini, kwenye shamba la chai. Jirani yangu alinifundisha tukisubiri mvua iishe."

"Mimi nilijaribu, nikashindwa na kona."

"Kona ni rahisi. Nitakuonyesha."

"Basi mwambie huyo kijana alete vikombe vyake huku. Nitakunywa hapa. Nimeiona itara." Na tena, bila kumtazama Wacuka, "Nimeiona vizuri."

Mzee Nganga aliivaa kofia yake akaivua tena kwa furaha.

*

Wakati chai ikichemka, Wacuka alitoka kuchota maji, na Osoro akamfuata mpaka kwenye tangi. Walisimama pale, ndoo ikijaa.

"Mwalimu, nilikosea."

"Na mimi nilinyamaza pale ambapo ningekuambia. Tugawane." Alimtazama hivi sasa kama alivyozoea, kana kwamba anahakikisha taa haijazimika. "Jana nilikuwa hapa tangu alfajiri nimkatalie Kipkemboi mlangoni. Nikangoja, hakuja. Nikampigia. Akasema ulishampigia."

"Alikuambia?"

"Alisema, madam alikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua." Akatabasamu. "Wacu, ulizuia kabla hujajua habari ya vitambaa. Hujui nililala na furaha kiasi gani."

"Macho yako hayasemi ulilala."

"Basi nilikesha na furaha. Nilitaka kukupigia, nikaogopa utaniambia wasije."

Wacuka akalishika bega lake la kushoto, lile lililolowa Alhamisi. Lilikuwa limekauka zamani, lakini alilipangusa.

"Ule moto wa wageni sitaki tena," alisema. "Uliopo unatosha. Nataka tutie bomba la moshi kwenye jiko la mama, yeye akikubali. Nitamwuliza kwanza."

"Ndoo imejaa."

"Najua."

Maji yakamwagika miguuni mwao kidogo kabla yeyote hajafunga mfereji.

*

Vitambaa vilipokauka, walivipeleka katika nyumba mpya wote pamoja, Mama Phelis mbele. Alisimama mlangoni kwa muda kama siku ile. Safari hii Wacuka alimshika mkono, akamwingiza, akamweka kwenye kiti kilicho dirishani, ambapo mtu huona jiko, na chai, na njia ya mgeni anayekuja.

"Hiki," alisema, "ni chako. Mtu mwingine akikalia, umwinue."

Vitambaa vilikaa juu ya udongo na matete kana kwamba nyumba ilikuwa ikivingojea. Wacuka alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama kwa jicho la kazi yake, na kwa mara ya kwanza akajua sebule ile ilikuwa imepungukiwa na nini. Tatizo likawa moja tu: viti havikuwa na kona, na vitambaa vilikuwa na kona, kwa hiyo kila mtu akijisogeza vinateleza.

"Hivi vinataka duara," Mama Phelis alisema, tayari akipima mgongo wa kiti kwa kiganja. "Nitaanza upya. Utanichagulia rangi?"

"Tutachagua wote."

Ndipo Tata Jennifer, aliyekuwa akinywa kikombe cha pili, akageuka kusema jambo. Kitambaa kikateleza, mkono ukaruka, na chai yote ikamwagika juu ya lile waridi. Wachira akainuka. Wacuka akaziba mdomo. Tata mwenyewe aliganda, kikombe mkononi, uso umemshuka.

"Mama Osoro! Nisamehe, nimekiharibu."

Wote wakatazama. Waridi lilinywa chai yake polepole, na mahali ilipomwagika hapakuonekana.

Mama Phelis akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwaga tu, dada," alisema, akamwongezea kikombe. "Mwaga tu. Uko nyumbani."